Kutoka Lushoto Hadi Sahani ya Asiyependa Majani

Ndugu msomaji, kama wewe ni mkazi wa Dar es Salaam, na leo mezani pako pana kabichi, karoti au pilipili hoho, si ajabu kwamba mboga hizo zimeteremka kutoka milima ya Usambara. Wengi wetu tunaijua saladi pale inapofika sahanini tu. Makala haya yanakualika kuifuata tangu inakoanzia, kwa sababu katika safari hiyo limo jibu la swali linalowasumbua akina mama, na siku hizi akina baba pia, katika nyumba nyingi za mjini: tuikoleze kwa nini saladi ili mtu asiyeipenda apate kuila?

NJIA YA MILIMANI

Anza safari yako Mombo. Huu ni mji mdogo wenye joto, kando ya barabara kuu iendayo Moshi na Arusha. Reli ya Tanga ilifika hapa mwaka 1905, na tangu hapo Mombo imekuwa mlango wa milima. Uwanda unaouzunguka ni mkavu. Lakini inua macho, utaiona milima imesimama kama ukuta wa kijani, na barabara ya Lushoto ikipanda ubavuni mwake kwa muda wa kilomita 33 hivi.

Barabara hiyo ni nyembamba, na kona zake ni za ghafula, hata madereva hupiga honi kabla hawajaziingia. Upande mmoja una mwamba, upande wa pili una korongo. Katikati ya safari utafika Soni, ambako maji ya mto huporomoka juu ya mawe karibu kabisa na barabara. Kufikia hapo hewa imekwisha kubadilika. Ukifika Lushoto kwenyewe, takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, utaanza kulitafuta sweta uliloliacha nyumbani.

Wajerumani waliuita mji huu Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wao. Waliupenda kwa baridi yake, wakapanda huko mboga na matunda ya nchi za baridi. Watawala hao waliondoka zamani, lakini mboga zimebaki, na Wasambaa wamezifanya kuwa kazi yao. Tazama mabondeni: kila kipande cha ardhi kimegawanywa katika vitalu, na kati ya vitalu hivyo mna mifereji midogo ya maji. Hapa kabichi, pale karoti, kule saladi ya majani iliyojikunja kama waridi. Masika yakipita, mkulima huendelea kwa kumwagilia, ndiyo maana malori hayakomi. Ada za shule, mabati ya nyumba na nguo za sikukuu za watu wengi wa milimani hutoka katika vitalu hivyo.

Siku ya soko utaona matenga ya nyanya yaliyofunikwa kwa majani, magunia ya kabichi yaliyoshonwa midomo, na karoti zilizooshwa zikang'aa. Pembeni huuzwa pichi, plamu na maparachichi. Jioni mzigo hupakiwa, lori hushuka kona zile zile kwa gia nzito, na alfajiri mboga zinakuwa zimefika Dar es Salaam, zikisubiriwa na wachuuzi wa Ilala, Mabibo, Temeke na Kariakoo.

MTU ABEBAYE ASICHOKULA

Nilisafiri katika njia hii ndani ya lori la mboga, na dereva wake alikuwa shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa. Kwa miaka mingi shemeji amebeba kabichi tani kwa tani. Hajapata kula jani moja bichi kwa hiari yake. Kwake yeye majani ni chakula cha mbuzi. Mtu mzima aliyeshika usukani usiku kucha anahitaji kitu kinachokaa tumboni, ndiyo hoja yake, na anapoitoa huitoa kwa sauti ya mtu aliyekwisha shinda kesi. Tuliposimama kula njiani aliagiza chipsi na nyama ya kuchoma. Nyama ilikwisha, chipsi zikaisha, na kachumbari ikabaki ukingoni mwa sahani kama mgeni asiyekaribishwa.

Zamani jambo hili lilikuwa mzaha wa mashemeji. Sasa si mzaha tena. Alipokwenda kupimwa alikutwa na shinikizo kubwa la damu. Daktari alimwandikia dawa, akamwambia kwamba dawa hizo ni za kumeza kila siku bila kuruka, na tena akamwagiza apunguze chumvi na mafuta, aongeze mboga na matunda. Ushauri huo haukutungwa kwa ajili yake peke yake. Shirika la Afya Duniani humshauri kila mtu mzima ale gramu 400 au zaidi za mboga na matunda kwa siku, na chumvi isiyofikia gramu 5, yaani pungufu kidogo ya kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyokwisha tiwa ndani ya mkate na vyakula vya kopo.

Sasa fikiri, ndugu msomaji. Huyu ni mtu anayeendesha lori lenye tani kadhaa kwenye kona za Soni, usiku, akiwa na utingo pembeni na watoto wanne nyumbani. Kizunguzungu kimoja tu mahali kama pale si jambo la kusimuliwa. Ndiyo maana dada yangu alianza vita vya saladi.

Alianza kwa kununua dukani chupa ya kikolezo cheupe, kizito, chenye picha ya majani mabichi kwenye karatasi yake. Nasema kikolezo nikiwa na maana ya ule mchanganyiko wa mafuta, kitu kichachu na viungo unaomwagwa juu ya mboga mbichi. Shemeji alikionja kwa ncha ya kidole, akaisogeza sahani, akaomba pilipili. Labda ilikuwa heri, kwa maana vikolezo vingi vya namna hiyo vina chumvi na mafuta si haba, na aliyekatazwa vitu hivyo hana budi kusoma maandishi ya chupa kabla ya kufungua mfuniko. Kisha ikaja zamu ya mahubiri. Kila jioni dada alieleza, na kila jioni baba watoto alinyamaza. Watoto nao wakitazama. Si kazi ngumu kumfundisha mtoto kwamba saladi ni adhabu. Inatosha amwone baba yake akilazimishwa kuila.

ANACHOKIKATAA HASA

Barabara ndefu hulegeza ulimi. Baada ya Korogwe nilimwuliza shemeji ni kitu gani hasa kinachomkera katika saladi, na niligundua kwamba hata yeye hakuwa amepata kujiuliza. Majibu yake yalikuwa matatu. Kwanza, kitunguu kibichi hubaki mdomoni mwake mpaka asubuhi. Pili, majani yana uchungu. Tatu, ni chakula baridi kisichoshibisha.

Mambo hayo matatu yana dawa tatu tofauti, na hapo ndipo watu wengi tunapopotea. Tunatafuta kikolezo kizuri, badala ya kutafuta kikolezo kinachomfaa mlaji aliye mbele yetu.

Kitunguu, kikiisha kukatwa vipande vyembamba, huvurugwa kwa chumvi kidogo, kikaminywa, kisha kikasuuzwa vizuri kwa maji safi. Ukali mwingi huondoka, na chumvi pia. Wapishi wa pwani wameifanya kazi hii tangu neno kachumbari lilipovuka bahari kutoka Bara Hindi.

Uchungu wa majani una adui watatu: chumvi, mafuta na utamu. Chumvi ndiyo hodari kupita wote, lakini mgonjwa wetu amekatazwa. Basi tumia mafuta kidogo, ambayo huupaka ulimi, na chembe ya sukari au kipande cha embe au chungwa. Uchachu wa ndimu nao hufanya kazi ya pekee. Chakula kilichokamuliwa ndimu huonekana kama kimekolea chumvi zaidi kuliko kilivyo. Kitunguu saumu, tangawizi, pilipili na bizari nyembamba iliyokaangwa pakavu huimaliza kazi.

Ama shibe, hiyo haitoki katika majani peke yake. Tia kitu chenye uzito: karanga, parachichi, maharage yaliyochemshwa au yai. Kisha uone kama mtu atasema tena kwamba amelishwa majani ya mbuzi.

VIUNGO VINAPOKUTANA

Jambo la kupendeza ni kwamba barabara yenyewe inakuonyesha mahali pa kuvipata vitu hivyo vyote. Tazama ramani. Lori letu lilitoka milimani na kabichi na karoti. Lilipofika Segera lilikutana na barabara itokayo Tanga na Muheza, nchi ya machungwa na malimau, ambako msimu ukifika, machungwa hupangwa kando ya njia yakawa mafungu kwa mafungu. Kutoka upande huo wa pwani huja pia nazi. Kwa hiyo Segera ni njia panda ambapo uchachu unaikuta mboga.

Mbele zaidi ni Chalinze. Hapo huingia barabara ya Morogoro, inayoleta mizigo kutoka Dodoma na Singida, mikoa inayosifika kwa alizeti. Upande huo huo ziko karanga. Wazee wanakumbuka Kongwa, ambako serikali ya Uingereza ilianzisha mwaka 1947 mpango mkubwa wa kulima karanga kwa matrekta ili wananchi wake wapate mafuta ya kupikia. Mpango ule ulivunjika mwaka 1951. Matrekta yaliposhindwa, jembe la mkono liliendelea, na karanga za wakulima wadogo zingali zikija mjini hadi leo. Kwa hiyo Chalinze ni njia panda ambapo mafuta na shibe vinaikuta mboga.

Vyote hivyo huishia katika masoko ya Dar es Salaam. Lililo maarufu kuliko yote ni Kariakoo, jina lililotokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Jengo lake, lililochorwa na Mtanzania Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lina paa za saruji zilizosimama kama miavuli mikubwa. Moto uliliunguza Julai 2021, lakini biashara ya mitaa inayolizunguka haikuweza kuzimwa na moto. Ukisimama hapo mwenye kikapu, ukanunua kabichi ya Lushoto, ndimu, mafuta ya alizeti, karanga na nazi, umeikusanya nchi yako katika mkono mmoja. Umebakiza kuchanganya tu, kwa maana kidole kimoja hakivunji chawa.

VIKOLEZO VINNE NA WALAJI WAKE

Kwa mtu anayeanza, asiyetaka mambo mengi, kuna kikolezo cha ndimu. Chukua vijiko vitatu vya chakula vya maji ya ndimu na vitatu vya mafuta ya alizeti, punje moja ya kitunguu saumu iliyopondwa, tangawizi kidogo iliyokunwa na chembe ya sukari. Wafaransa huweka mafuta mara tatu ya siki, lakini ndimi zetu zimezoea uchachu. Tia vyote katika chupa yenye mfuniko, utikise kwa nguvu, na umwage mara moja, kwa sababu mafuta na ndimu huachana upesi. Majani yawe yamekaushwa. Mafuta hayashiki penye maji.

Kwa mtu wa shibe kama shemeji yangu, kuna kikolezo cha karanga. Twanga nusu kikombe cha karanga zilizokaangwa bila chumvi, ukazilainishe kwa vijiko vichache vya maji yaliyochemka, kamua ndimu mbili, katia pilipili mbuzi kwa kadiri ya ujasiri wake. Changanya na kabichi iliyokatwa nyembamba kama nyuzi na karoti iliyokunwa. Chambua karanga kwa uangalifu. Zenye ukungu, zilizosinyaa au zilizobadilika rangi zitupwe bila huruma, maana huweza kuwa na sumukuvu.

Kwa watoto, na kwa watu wazima wanaopenda vitu vitamu, kuna kikolezo cha ukwaju. Loweka ukwaju katika maji ya moto, uchuje upate rojo, utie embe bivu lililopondwa na bizari nyembamba kidogo. Mimina juu ya matango na karoti. Samaki mkunje angali mbichi: mtoto aliyezoea tango lenye ukwaju hatahitaji kubembelezwa akiwa na miaka hamsini.

Kwa mtu asiyevumilia pilipili wala uchachu mkali, kuna kikolezo cha mtindi. Kikombe kimoja cha mtindi mzito, kitunguu saumu kidogo, majani ya giligilani yaliyokatwa na bizari nyembamba iliyokaangwa. Huenda vizuri na matango, na wali hauukatai.

Mpenzi wa nazi asinung'unike. Chatini ya nazi, yaani nazi iliyokunwa ikasagwa pamoja na giligilani, pilipili na ndimu, ni kikolezo kizuri sana kwa kabichi. Ila mafuta ya nazi ni mazito, na aliyeonywa na daktari apewe kijiko kimoja tu kwa ajili ya harufu.

Usidhani pia kwamba mafuta yamewekwa kwa anasa. Kile kitu cha rangi ya machungwa kilichomo ndani ya karoti, ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, huingia mwilini vizuri zaidi panapokuwa na mafuta kidogo. Vitamini C ya ndimu nayo husaidia mwili kupokea madini ya chuma yaliyomo katika mboga na maharage.

USAFI KWANZA

Lipo jambo moja ambalo hakuna kikolezo kinachoweza kulifuta. Wakazi wa Dar es Salaam wanaukumbuka mlipuko wa kipindupindu ulioanza Agosti 2015, wakati ambapo watu walikiogopa kila kilicholiwa kibichi. Hofu hiyo ilikuwa na sababu. Mboga mbichi haina moto wa kuisafisha, na ndimu haiwezi kuifanya kazi ya sufuria. Kwa hiyo bandua majani ya nje ya kabichi, osha kila jani peke yake kwa maji yanayotiririka, na kama huna hakika na maji yako, suuza kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Kisu na ubao uliokatia nyama visiguse saladi kabla havijaoshwa kwa sabuni. Mikono iwe ya kwanza kuoshwa.

Tena usikoleze saladi saa moja kabla ya kula. Chumvi na ndimu huyavuta maji yaliyomo ndani ya nyanya na matango, na utakachoandaa mezani kitakuwa bakuli la maji yenye majani yaliyolala. Asiyependa saladi akiletewa kitu cha namna hiyo, ana haki yake kukikataa.

KUHUSU SHEMEJI

Dada yangu aliacha mahubiri. Jioni moja alitenga wali, samaki wa kuchoma na bakuli la kabichi yenye karanga, akaketi, akala, hakusema neno. Watoto wakaligombania bakuli. Shemeji alivumilia kwa dakika kadhaa, kisha akauliza kama hakuna atakayembakizia. Jioni ya pili aliomba ndimu iongezwe.

Dawa zake anaendelea kuzimeza, na kliniki anaendelea kwenda. Saladi haikuja kuchukua nafasi ya daktari. Lakini ukipanda lori lake leo, utaona nyuma ya kiti kikopo chenye mfuniko kilichojaa kabichi na karoti, na kando yake chupa ndogo ya karanga zilizotwangwa. Akisimama Segera, humimina, hutikisa, hula mpaka kikopo kikawa cheupe. Utingo akimtania kwamba dereva siku hizi anakula majani, yeye hukana kabisa. Yeye, kwa maelezo yake, anakula karanga.

Mwacheni aseme hivyo.